Takwimu za Nchi Zataka Wasomaji

Tarehe 23 Agosti, 2022, nchi nzima ilihesabiwa. Makarani wa sensa walibisha hodi kwa tajiri na kwa maskini, wakaandika umri, elimu, kazi, maji yanyweshwayo watoto na paa lililoezekwa juu yao. Na kabla ya mwaka huo kwisha tukatangaziwa kwamba watu waliohesabiwa walikuwa 61,741,120. Fedha zilizotumika zilikuwa za wananchi, na majibu yaliyoandikwa yalitoka vinywani mwa wananchi. Tangu hapo majedwali yamekuwa yakitolewa, ripoti baada ya ripoti, na mwenye simu aweza kuyachukua bila malipo katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Swali letu leo ni jepesi kuliuliza: ni nani anayeyasoma?

Hatuulizi kwa kejeli. Katika mabaraza ya madiwani, katika mikutano ya vijiji na kamati za shule, tarakimu siku hizi ndizo zinazofunga mjadala. Mtu akishatamka "asilimia sabini", wengine hunyamaza. Wanaozikubali tarakimu hizo huzikubali kwa kuwa zimetoka juu; wanaozikataa huzikataa kwa sababu iyo hiyo. Makundi yote mawili hayajazisoma. Na pale ambapo zahanati, kisima au darasa hugawiwa kwa kufuata hesabu za watu, asiyeweza kuisoma hesabu hiyo hana la kusema ila kushukuru au kunung'unika.

Tuchukue mfano mmoja, ambao msomaji aweza kuufanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu yake. Husemwa kila siku kwamba nchi nzima inakimbilia Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ile ya 2022 iliukuta una 5,383,728. Ongezeko la watu zaidi ya milioni moja si dogo, na mwenye nia ya kututisha angeishia hapo. Lakini katika miaka iyo hiyo kumi taifa zima lilitoka watu 44,928,923 likafikia idadi tuliyoitaja hapo juu. Maana yake taifa liliongezeka kwa asilimia 37, ilhali Mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kwa asilimia 23 tu. Mwaka 2012 katika kila watu 1,000 wa nchi hii, 97 walikuwa wakaazi wa mkoa huo. Mwaka 2022 walikuwa 87. Fungu la Dar es Salaam, basi, limepungua.

Je, vijana wamegeuza njia na kurudi mashambani? Haraka hiyo nayo si njema. Msomaji autazame mkoa jirani wa Pwani. Mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,098,668. Miaka kumi baadaye ulikuwa na 2,024,947, ongezeko la asilimia 84. Anayepita Kibaha, Vikindu au Mapinga kila asubuhi ndani ya daladala hahitaji kuambiwa kinachoendelea huko. Mji umefurika ukavuka mpaka wa mkoa, na mpaka uliochorwa katika ramani hauwazuii watu kununua kiwanja upande wa pili na kurudi kazini Kariakoo. Tarakimu zilikuwa sawa tangu mwanzo. Kasoro ilikuwa katika swali letu, kwani tuliuliza habari za Dar es Salaam bila kusema kama tunataka mkoa au tunataka mji.

Elimu ya takwimu kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo. Katika mfano huu hapakuhitajika hesabu iliyozidi kugawanya. Kilichohitajika ni mazoea ya kuuliza: kati ya wangapi? tangu lini? mpaka wapi? nani alihesabiwa na nani aliachwa? Mazoea haya hufundishika, na kwa bahati njema leo mtu aweza kujifunza mwenyewe, akiwa Sumbawanga au Tandahimba, bila kupanda basi kwenda chuoni.

Kabla ya kuonyesha njia, yafaa tukumbushe jambo moja la sheria, maana wako wanaodhani kuwa kuzigusa takwimu ni kujitafutia balaa. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2018 yaliyofanya kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi kuwa kosa la kuadhibiwa. Marekebisho hayo yalizua malalamiko ndani na nje ya nchi, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa waliotoa kauli, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena, adhabu hiyo ikaondolewa na haki ya watu binafsi kukusanya na kutangaza takwimu ikatambuliwa. Sisi tuliona, na bado twaona, kwamba uamuzi wa 2019 ulikuwa wa busara. Lakini haki ya kusema juu ya takwimu haina faida kubwa kwa mtu asiyejua kuzisoma. Mlango ulifunguliwa, wanaoingia ni wachache mno.

Sasa, mwananchi anayetaka kuingia aanzie wapi? Akiuandika mtandaoni ombi lake la kutaka kujifunza takwimu, ataletewa vitu maelfu kwa maelfu, vingine vya dhahabu na vingine vya bati lililopakwa rangi. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukosefu wa vitabu ulikuwa tatizo la baba zetu. Tatizo la kijana wa leo ni wingi wa vitabu usio na mpangilio.

Kwa anayeanza, ambaye hesabu za sekondari zimemkimbia, masomo ya Khan Academy yanafaa. Shirika hilo lisilo la biashara liliasisiwa na Salman Khan huko Marekani mwaka 2008, na masomo yake ni ya bure, mafupi, yenye mazoezi yanayosahihishwa papo hapo. Mwanafunzi asione haya kurudi kwenye sehemu na asilimia. Tukumbuke kwamba katika mtihani wa kidato cha nne, miaka ya karibuni, waliofaulu somo la Hisabati wamekuwa takriban mmoja katika watano hadi mmoja katika wanne. Aliyeshindwa mtihani huo hakushindwa peke yake, wala mlango haukufungwa kwa ajili yake.

Baada ya hapo ashike kitabu kimoja na akimalize. Tungemshauri achukue OpenIntro Statistics, kitabu cha kurasa zipatazo 400 kilichoandikwa na David Diez, Mine Çetinkaya-Rundel na Christopher Barr, ambacho hupatikana mtandaoni bila malipo pamoja na mazoezi na data zake. Kipo pia Introductory Statistics cha Barbara Illowsky na Susan Dean, kilichotolewa na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice. Hicho ni chepesi zaidi, japo kina maneno mengi. Mmoja kati ya viwili hivi unatosha. Anayepakua vyote viwili, kisha na vingine vinane, mara nyingi hasomi hata kimoja. Mwenye msingi imara wa hesabu za juu aweza kwenda moja kwa moja kwenye mihadhara ya chuo cha MIT au ile ya Joe Blitzstein wa Harvard juu ya hesabu za bahati na uwezekano, ambayo nayo imewekwa wazi kwa ulimwengu mzima. Lakini huyo hahitaji sana ushauri wetu.

Kuhusu programu ya kufanyia kazi, iko R, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na walimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman. Ni ya bure, nayo hutumiwa na watakwimu wa vyuo na serikali duniani kote. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni ni kavu, na asiye na kompyuta ataisikia kwa mbali tu. Asikate tamaa. Majedwali ya kawaida ya kompyuta, au hata daftari lenye mistari, hutosha kwa miezi ya kwanza. Kosa tunaloliona kwa vijana wetu ni kuanzia mwisho: wanakimbilia "sayansi ya data" na akili unde kabla ya kujua wastani unaficha nini. Programu hizo za akili unde hujibu kila swali kwa ufasaha, hata kwa Kiswahili, na zaweza kumfaa mtu kama mwalimu wa jioni. Ila hukosea kwa ufasaha ule ule, na asiyejua somo hawezi kutambua ni lini zimekosea.

Tumeutaja wastani; tusiupite hivi hivi, maana hakuna tarakimu inayotumiwa vibaya kama hiyo. Tuseme mtaa una kaya kumi. Tisa zinapata shilingi 200,000 kila moja kwa mwezi, na ya kumi, ya mwenye malori, inapata shilingi 8,200,000. Jumla ni shilingi milioni kumi, na wastani ni shilingi milioni moja kwa kaya. Taarifa itakayosema kuwa wastani wa kipato cha mtaa huo ni shilingi milioni moja haitakuwa ya uongo, wala haitaitaja hata kaya moja iliyo hai. Ukizipanga kaya hizo kwa mstari kutoka ya chini hadi ya juu na kuitazama iliyosimama katikati, utakuta shilingi 200,000. Mwananchi anayeletewa wastani wa kipato, wa ukubwa wa mashamba au wa gharama za matibabu aulize mara moja: na wa katikati ana kiasi gani?

Somo la pili ni la bahati katika vikundi vidogo. Ukirusha sarafu mara nne, uwezekano wa kupata kichwa mara zote nne ni mmoja katika kumi na sita. Basi wakae watu kumi na sita, kila mmoja arushe mara nne. Halitakuwa ajabu mmoja wao akitoka na vichwa vitupu, na mwingine bila kichwa hata kimoja. Hakuna atakayesema yule wa kwanza ana kipaji cha kurusha sarafu. Lakini shule yenye watahiniwa kumi inapofaulisha wote, twaipigia vigelegele. Na ya jirani yenye watahiniwa kumi inapofelisha nusu, twamwita mwalimu mkuu ajieleze. Shule yenye watahiniwa mia mbili haiwezi kupanda wala kushuka hivyo kwa bahati tu. Ndiyo maana katika orodha nyingi za walio bora na walio wa mwisho, vikundi vidogo hujaa ncha zote mbili. Baraza la Mitihani lililijua hilo, kwani katika matangazo yake ya zamani lilizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 na kuzidi. Mwezi Januari, 2023 likaacha kabisa kutangaza shule kumi bora. Wapo waliolalamika wakati huo. Wangalikuwa wameirusha ile sarafu, pengine wangalilalamika kidogo.

Nyenzo, kwa hiyo, zipo. Kwa nini basi wanaozitumia hadi mwisho ni haba? Tabia hii si ya Watanzania peke yao. Kozi za bure za mtandaoni huandikisha umati, na katika nyingi wanaofika mwisho ni chini ya mmoja katika kumi. Mtu huanza Jumatatu kwa moto, Ijumaa anakwama kwenye ukurasa mmoja, hana wa kumuuliza, na Jumatatu ya pili amekwisha kuacha. Anayejifunza peke yake hukwama mapema, na uvivu hauna sehemu kubwa katika jambo hilo.

Nchi hii iliwahi kulitatua tatizo la namna hiyo kwa vyombo duni kuliko tulivyo navyo leo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima haikuridhika na kutangaza masomo redioni tu. Iliunda vikundi vya kusikiliza, kila kimoja na kiongozi wake, kitabu chake na redio yake, na watu wapatao milioni mbili walikutana wiki hadi wiki, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio peke yake isingalichimba hata kimoja. Kilichofanya kazi kilikuwa kikundi.

Kikundi cha namna hiyo kwa ajili ya takwimu hakihitaji redio wala fungu la bajeti. Watu sita, mwalimu wa sekondari, muuguzi wa zahanati, ofisa ugani, diwani akitaka, na vijana wawili waliomaliza kidato cha sita, wakutane kila Jumamosi alasiri katika maktaba ya mkoa au darasa tupu. Apakue mmoja kitabu, wengine wakirushiwe kwa simu, maana kitabu kizima hula kifurushi kidogo kuliko video ya saa moja, na bei ya "bando" kila mtu anaijua. Wasome sura moja kwa wiki. Na mazoezi wasiyachukue katika mifano ya Marekani iliyomo kitabuni, yenye mambo ambayo hayatuhusu. Wayachukue katika majedwali ya sensa ya wilaya yao: watu wangapi wa umri wa kwenda shule, kaya ngapi zenye maji ya bomba, wajane wangapi. Atakayetaka kwenda mbali zaidi atakuta hifadhi ya IPUMS ya Chuo Kikuu cha Minnesota ikitunza sampuli za sensa zetu za 1988, 2002 na 2012, ambazo mtafiti huruhusiwa kuzitumia bila malipo akijiandikisha. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mtu wa Minnesota aweza kuwa anaijua Singida ya mwaka 1988 kuliko sisi tuliozaliwa huko.

Yapo pia yaliyo nje ya uwezo wa vikundi, na hayo twayaelekeza kwa wahusika.

Kwanza ni lugha. Karibu nyenzo zote tulizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kitanzania hufundishwa hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha lugha hubadilishwa akiingia sekondari, na anayetoka hapo akiwa na nusu ya kila lugha ndiye tunayemtaka ajisomee kurasa 400 peke yake. Hatuoni kwa nini iwe hivyo. OpenIntro Statistics kimetolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kukitafsiri, kukibadilisha na hata kukichapa, mradi awataje wenyewe waliokiandika na kuiacha tafsiri yake iwe huru vivyo hivyo. Hapana haki za kununua wala barua za kusubiri. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kipo Dar es Salaam tangu 1961. Wataalamu wa Kiswahili wapo katika Baraza la Kiswahili na katika vyuo vikuu vyetu. Wakae pamoja mwaka mmoja, na mifano ya Marekani waibadilishe kwa mifano ya kahawa ya Kagera na samaki wa Ukerewe. Wataalamu watapata pia nafasi ya kukubaliana juu ya istilahi, maana leo walimu wawili wa somo hili hupata shida kuelewana kwa Kiswahili wanapopita hapo penye wastani na sampuli.

Pili ni namna takwimu zinavyotolewa. Ripoti za sensa ni nzuri kuzitazama, zina picha na rangi, lakini jedwali lililofungwa ndani ya kurasa za ripoti haliwezi kukokotolewa mpaka mtu aketi kulinakili tarakimu kwa tarakimu. Tunaiomba Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kule Zanzibar, ziweke kila jedwali pia katika faili la wazi ambalo kompyuta yoyote hulifungua, na kwa ngazi ya kata kila inapowezekana bila kuvunja siri ya mtu. Nakala moja ya majedwali ya kila wilaya ipelekwe katika halmashauri yake na katika maktaba ya mkoa, iwekwe mezani, si kabatini.

Watu wa nchi hii wanaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kwa mujibu wa sensa. Ukigawanya 70 kwa 3.2 utapata karibu 22, na hiyo ndiyo miaka ambayo idadi hiyo itahitaji ili kujirudia mara mbili mwendo usipobadilika. Sensa ijayo inatazamiwa mwaka 2032. Wengi wa watakaokuwa makarani wake wako shuleni sasa hivi, na vikundi vya Jumamosi vyaweza kuanza bila kuwangoja.